Kiingereza cha Mama Emi

Wiki tatu baada ya kumzika Mama Esperance, binti yake alinipigia simu akaniambia nipite dukani nichague kitu kimoja cha kumkumbukia mama yake, kwa sababu mwisho wa mwezi walikuwa wanarudisha funguo kwa mwenye jengo. Nilipofika nikakuta wenzangu wameshanitangulia. Mmoja kachukua cherehani, mwingine kioo kirefu cha wateja, mwingine kabeba pasi na ubao wake. Nikasema mimi nataka meza. "Meza ya kukatia? Anti, ile haipiti mlangoni," yule binti akasema. Nikamjibu kwamba iliingia, basi itatoka. Ilitoka kwa kung'olewa miguu, ikapakiwa kwenye bakkie, yaani pikapu, ya jirani, na sasa iko sebuleni kwangu Rosettenville, imejaa ukuta hadi ukuta, na mume wangu kila akijigonga goti ananung'unika. Acha anung'unike. Kwenye meza hiyo, mwaka 2017, mimi Zuhura niliyekuwa napinda suruali za watu nilimfundisha mama wa Kijapani Kiingereza, nikafaulu pale waliposhindwa walimu wenye vyeti vya kutundika ukutani. Nasema hivyo bila aibu yoyote. Umri huu wangu unaniruhusu kujisifu ninapostahili, na mwaka ule nilistahili.

Duka lilikuwa Kensington, hapahapa Johannesburg, kwenye barabara kuu, katikati ya bucha na saluni ya nywele. Kilikuwa chumba kimoja kirefu chenye mwanga mbele na giza nyuma, na huko gizani ndiko Mama Esperance alikopikia. Yeye ndiye aliyekuwa mwenye duka, mtu wa Lubumbashi, mnene wa sauti kuliko wa mwili, na asubuhi nzima aliimba nyimbo za kanisa lake huku mashine ikimwitikia. Mimi nilikaa karibu na dirisha. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwaka wa tatu tangu nitoke Tanga, na bado nilikuwa na donda langu la Kiingereza. Nyumbani nilikuwa nikisifiwa darasani. Johannesburg nilifungua mdomo mara ya kwanza nikiwa kwenye foleni ya duka, nikaomba kitu kwa sentensi ndefu safi ya shuleni, na watu wote nyuma yangu wakanikodolea macho. Tangu siku ile nilianza kusikiliza. Nilisikiliza kwenye kaunta, kwenye taksi, kwa wateja waliokuwa wakipimwa kiuno huku wanaongea na simu, na kila nilichosikia nilikiandika kwenye daftari: mwenye duka anauliza nini ukishalipa, dereva anaelekezwaje kushoto baada ya robot, yaani taa za barabarani, mtu akidondosha kitu unamwambia nini. Hicho ndicho Kiingereza nilichokuwa nacho, cha kuokota, lakini kilikuwa kinatumika.

Mama Emi aliingia mwezi wa pili na suruali ya mumewe mkononi. Alikuwa mdogo wa umbo, amevaa koti lililoshonwa vizuri mno hata Mama Esperance akaacha mashine kulitazama. Hakusema neno. Alitoa mfukoni kadi ndogondogo zilizotobolewa pembeni na kupitishwa kwenye pete ya chuma, akazifunua haraka haraka, akapata aliyoitaka, akatuonyesha: nahitaji kufupishiwa. Akainama, nikainama, akaondoka. Wiki iliyofuata alileta sketi ya kuwekewa kifungo. Wiki ya tatu akaleta shati ambalo nililigeuza ndani nje mara mbili nisione kasoro. "Njo ule mama wa Japon tena," Mama Esperance akaniambia kwa Kiswahili chao, ambacho watu ni bantu, bila kupunguza sauti. "Hana nguo ya kutengeneza, mwanangu. Anatafuta bantu ya kusemezana nabo. Mupatie kiti."

Nikampa kiti kwenye meza ya kukatia, nikamwomba zile kadi nizisome. Upande mmoja Kiingereza, upande wa pili maandishi ya kwao, mwandiko mzuri kama umechapwa. Zilikuwa zaidi ya mia mbili. Kadi moja ilisema mvua inanyesha paka na mbwa, maana yake ni kubwa. Nyingine ilisema jambo fulani ni kipande cha keki, maana yake ni rahisi. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na yeye akaziba mdomo akacheka pia, ndiyo mara ya kwanza kuisikia sauti yake. Nikamwambia mimi nimekaa mji huu miaka mitatu na mvua za hapa nazijua, sijasikia mtu akizungumzia paka. Alikuwa ameshakwenda kwa mwalimu mmoja Bedfordview, kisha kwa mwingine, na wote wawili walimwongezea kadi. Sarufi aliijua kuliko mimi. Tatizo lake ni kwamba sentensi aliijenga kwanza kichwani, akaipiga pasi, akaikunja vizuri, na akishamaliza, mtu aliyekuwa naye ameshaondoka.

Siku hiyohiyo ndipo alipochukua penseli yangu akavuta kipande cha karatasi ya kaki, ile tuliyokuwa tunachorea mikato ya nguo, akaandika. Kwa kuandika hakuwa na woga. Aliandika kwamba ana binti wa miaka minane, Emi, yuko darasa la tatu katika shule ya msingi ya jirani, na tangu aingie shule hiyo mwaka uliopita hajatamka neno hata moja mbele ya mwalimu. Mitihani ya kuandika anapata alama za juu. Akiulizwa kwa mdomo anaangalia viatu. Shule imeleta barua: mwezi wa kumi na moja wataamua, na kama bado hasemi atarudia darasa. Na mumewe ameshaamua kwamba mtoto akirudia, yeye mama na mtoto watarudi Japani wakakae kwa mama mkwe, na baba atabaki huku peke yake hadi mkataba wake uishe, miaka mitatu. Mstari wa mwisho aliuandika taratibu: sitaki kutengana, lakini mtoto amejifunza kunyamaza kutoka kwangu. Niliisoma karatasi ile mara mbili. Kisha nikamsomea Mama Esperance kwa Kiswahili, na yeye, aliyemwacha mumewe Kongo asionane naye tena hadi mwaka wa saba, akazima mashine. "Utamufundisha," akasema. Hakuniuliza kama naweza.

Usiku sikulala, nasema kweli, lakini sikuwaza kitu cha maana. Wazo lilikuja kesho yake mchana, tukiwa tunakula. Mama Esperance alikuwa amepakua bukari, kama watu wa kwao wanavyouita ugali, na sombe, kisamvu chao, na dagaa wakavu, na Mama Emi alikuwa amefika, akakaribishwa, akanawa mikono. Kabla ya kugusa chakula akaunganisha viganja akasema neno dogo la kwao. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza bismillah yangu, na Mama Esperance alikuwa bado amefumba macho kwa sala yake. Nikamuuliza umesema nini, na kwa Kiingereza wanasemaje? Akafikiri. Akasema kwa Kiingereza hakuna. Nikamuuliza: na ukiingia nyumbani kwako unasema kitu? Akasema ndiyo, wanasema nimerudi, na walioko ndani wana jibu lake. Na ukiingia nyumba ya watu? Wanatangaza kwamba wanakuja kusumbua. Hodi hiyo, nikapiga meza. Na ukimpita mtu anafanya kazi? Akanitajia neno refu, otsukaresama, akaeleza kwamba ni kumwambia mtu unaona amechoka. Hapo nilisimama na tonge mkononi. "Mama Esperance, hawa watu wana pole na kazi!"

Ndipo nikaelewa kwa nini alikuwa bubu, na nilielewa kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuwa bubu vilevile. Mtu aliyezoea kupewa neno la mlangoni, neno la mezani na neno la kumpita jirani, ukimnyang'anya hayo yote ukampa paka na mbwa wa mvua, ataanzia wapi? Tukaziweka zile kadi mia mbili kwenye kopo la vifungo. Tukakata kadi mpya kutoka karatasi ya kaki. Sikuandika maneno, niliandika nyakati: umefika getini, umemkuta mtu anafagia, mtu ana msiba, mtu kapata mtoto, mtu anakusimulia na unataka aendelee. Chini yake yeye aliandika wanachosema kwao, mimi nikaandika tunachosema kwetu, kisha tukatoka barabarani kusikiliza watu wa Johannesburg wanasema nini, tukarudi kujaza. Kwa yule anayekusimulia, tulikuta hapa wanaitikia "Is it?", fupi, sauti ikipanda, wala hawangoji jibu. Mama Emi aliruka kidogo kwa furaha. Kumbe kwao wanalo lilelile, na bila hilo alikuwa akijihisi mkosefu wa adabu kila mtu alipozungumza naye. Tulikuta pia kwamba "shame" anaambiwa mfiwa na anaambiwa mtoto mzuri, na kwamba fundi bomba akisema anakuja "just now" usimsubiri umesimama getini, kama alivyosimama yeye kwa saa nne mwezi wa tatu. Kila Jumanne na kila Alhamisi alikuja. Mwezi wa nne akaanza kuniita sensei, yaani mwalimu. Nikamkataza, halafu nikaacha kumkataza.

Emi alikuja naye baada ya masomo. Aliingia chini ya meza na vipande vya vitambaa, akashona nguo za mwanasesere, na kitu pekee tulichokiona ni viatu vyake vya shule. Mama Esperance alimpitishia chakula huko chini. Hatukumlazimisha kusema. Mimi kila siku nilimsalimu kwa Kiingereza nikiwa nimeinama, nikangoja kidogo, nikaendelea na kazi yangu.

Sasa nieleze kosa langu, maana lilikuwa langu. Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu huwezi kumfuata mtu na shida yako kabla hujamaliza salamu, na salamu haiishi mpaka umeuliza za kuamka, za watoto, za mgonjwa na za kazi. Na mtu akikujibu nzuri kwa haraka, unamuuliza tena, kwa sababu ile nzuri ya kwanza ni ya heshima tu. Hivyo ndivyo nilivyomfundisha Mama Emi, kwa Kiingereza, kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila hata kufikiri kwamba Waingereza wenyewe hawana habari hiyo. Mama Esperance alinionya. "Weye Zuhura, bantu ya hapa habapende kuulizwa mambo ya mu nyumba yabo. Utamuletea mama wa bantu mateso." Nikamwambia yeye ashone.

Mwezi wa sita, baridi ya kukata masikio, Mama Emi alimkuta jirani yake ukutani, mzee wa Kireno aliyekuwa akipunguza mzabibu. Miezi kumi na nne walikuwa wakipungiana mkono tu. Siku hiyo akamsalimu kwa mtindo wangu. Umeamkaje? Nzuri. Na nyumbani, wote wazima? Mzee akasema wazima. Wote? Mzee akashusha mkasi, akasema hakuna wote, mke wangu amekufa. Mama Emi aliponisimulia nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia nisamehe, nimekufundisha vibaya, wenyewe hawaulizani hivyo, tuanze upya. Akatikisa kichwa. Akasema, tena bila kuipiga pasi sentensi yake: "Alinijibu. Saa nzima alinijibu." Mzee alimweleza mkewe alikuwa nani, walikutana wapi, alikuwa akipika nini, na Mama Emi alikuwa na "Is it?" yake na "shame" yake na "sorry" yake, vyote vikatumika. Jioni mzee alipitisha juu ya ukuta chupa ya pilipili aliyoitengeneza mwenyewe. Mama Emi aliileta dukani, Mama Esperance akaionja, akatoa jasho, akasema basi, muendelee.

Tukaendelea. Mwezi wa nane alikuwa akinunua nyama bucha ya jirani na kujua mtoto wa muuzaji anaumwa masikio. Mwezi wa tisa alimkosoa fundi bomba. Alikosea kwa wingi, na kadiri makosa yalivyozidi ndivyo sauti yake ilivyonenepa, nami nilifurahi kama mtu anayemwangalia mtoto wake akitembea. Ila viatu vya Emi chini ya meza vilibaki kimya, na mwezi wa kumi na moja ukafika.

Mumewe alikuwa safarini Durban. Kikao cha shule cha kuamua habari ya Emi kilikuwa cha wazazi peke yao, lakini Mama Emi aliniomba nimsindikize, nami nilivaa gauni langu la Idi. Njiani alishika kurasa mbili alizoandika kwa wiki nzima, hotuba ya kumwombea mtoto, Kiingereza kisicho na doa. Mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu alizikunja akanipa. Nikamuuliza una uhakika? Akapumua, akaingia. Joto lilikuwa kali na mlango uliachwa wazi, kwa hiyo mimi na Emi tuliokaa kwenye benchi nje tulisikia kila kitu. Nayaandika hapa kwa Kiswahili, lakini yote yalikuwa Kiingereza.

Mwalimu mkuu, mama mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alisema ana dakika kumi na tano. Mama Emi akamuuliza habari za asubuhi. Nzuri. Na kazi? Nyingi. Na nyumbani? Wote wazima, asante, sasa kuhusu Emi... "Wote?" Mama Emi akauliza. Nilijiona mimi ndiye ninayemfukuza yule mama nchini kwa adabu zangu za Tanga, dakika zinaisha na hajaomba chochote. Nikasikia kiti kikisogezwa, na sauti ya mwalimu mkuu ikiwa imeshuka. Akasema mama yake mzazi anaishi naye, ameteleza bafuni Jumapili, mguu una plasta, na hata kuamka kitandani hawezi bila mtu. Mama Emi akamwambia pole. Akamuuliza mguu upi. Akaambiwa.

Ndipo akasema la kwake. Vitenzi viligongana, jana na kesho zikakaa kiti kimoja, lakini hakusimama hata mara moja. Alisema: mimi ndiye niliyemfundisha mwanangu asiseme mpaka awe na uhakika. Mimi pia nilikuwa hivyo. Mwaka huu nimesema nikiwa sina uhakika, kila siku nimekosea, na leo niko hapa nakosea mbele yako. Mtoto amesikia yote, alikuwa chini ya meza. Usimrudishe nyuma kwa kosa langu. Mwalimu mkuu akajibu, kwa upole lakini bila kuyumba, kwamba yeye anamwamini mama, ila anatakiwa kumsikia mtoto mwenyewe, hata maneno mawili. Akamwita Emi.

Emi aliinuka. Aliingia mpaka katikati ya zulia akasimama, na mimi nikasimama mlangoni, sikujali tena. Akaulizwa jina. Akaangalia viatu. Akaulizwa anapenda kusoma kitabu gani. Viatu. Mama yake hakumgusa wala hakumwambia neno, alimwangalia tu. Mwalimu mkuu akavaa miwani, akachukua kalamu, nami nilijua anachotaka kuandika. Emi akanyanyua uso. "Pole kwa mguu wa mama yako," akasema, kwa Kiingereza cha duka letu, sauti nyembamba lakini wazi. "Sasa uko hapa. Leo nani anampikia?"

Kalamu ilibaki hewani. Mwalimu mkuu akavua miwani, akasema hakuna, amemwachia mkate. Emi akauliza kama ana dada. Akajibiwa. Akauliza dada anakaa mbali? Waliongea, wale wawili, kuhusu bibi na mguu na mkate, na zile dakika kumi na tano zilishapita kitambo na hakuna aliyezitaja. Mwisho mwalimu mkuu aliandika mstari mmoja, akaugeuzia upande wa Mama Emi ausome. Darasa la nne.

Mama Emi alitoka ofisini. Aliponiangukia begani, mimi nilishindwa kujizuia. Palepale kwenye korido ya shule ya watu nilipiga kigelegele, kirefu, kama niko harusini kwetu. Kutoka upande wa kantini wanawake waliokuwa wakiosha vyombo wakanijibu, watatu au wanne, bila hata kujua wanashangilia nini. Mama Emi akanitazama mdomo, akaweka kiganja kama mimi, akajaribu cha kwake. Kikatoka chembamba, kikakatika. Akajaribu tena, akakipata. Milango ya madarasa ikafunguka, walimu wakachungulia, na mwalimu mkuu akatoka na miwani mkononi akauliza kuna nini huku. Mimi nilikuwa nalia, Mama Emi hakuwa na pumzi. Emi ndiye aliyemjibu.